Mashine Kuzunguka Si Ithibati Kuwa Ni Salama

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Katika karakana ya fundi wa chuma msemo huu umetumiwa mno kufunika mambo ambayo yana kinga, tena isiyo ya gharama kubwa. Moja kati ya mambo hayo ni kupigwa na stima na mashine kuukuu.

Juma hili tutazungumzia mashine ya kukereza chuma, yaani kerezo, ambayo mafundi wetu wengi huiita lethi. Ndiyo mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kigumu kikikinyoa hadi kiwe ekseli, bushi, skrubu au puli. Nyingi zilizo katika karakana zetu zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, aghalabu ng'ambo. Chuma chake kikitunzwa hudumu miaka 50 na zaidi. Lakini nyaya, swichi na mota yake hazina umri huo.

Msomaji aweza kuuliza mambo ya nyaya yanatafuta nini katika ukurasa wa afya. Jibu ni kwamba sisi madaktari humpokea mtu wakati kazi ya nyaya imekwisha kuharibika. Mtu ambaye moyo wake umesimama kwa stima akiwa mbali na hospitali, mara nyingi hatuna la kumfanyia anapofikishwa kwetu. Tiba yake ilikuwa katika kisanduku cha swichi, siku ile mashine ilipounganishwa.

Makala haya hayakusudii kumfanya kila msomaji kuwa fundi wa umeme. Kazi ya kuunganisha mota yafaa ifanywe na fundi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Lengo letu ni kumwezesha mwenye mashine, na kijana anayeiendesha, kujua la kuuliza, la kukagua na la kukataa.

UMEME HUFANYA NINI MWILINI?

Moyo hupiga kwa kuongozwa na umeme mdogo sana unaotoka ndani ya moyo wenyewe. Misuli ya mikono na ile ya kupumulia nayo hukazwa na ishara za umeme zinazopita katika neva. Umeme kutoka nje unapopita mwilini, misuli hii huacha kumtii mwenyewe ikautii ule mgeni.

Umeme unaopita hupimwa kwa ampea, na ampea moja ni miliampea 1,000. Kwa umeme wa aina tunayoletewa majumbani, mtu mzima huanza kuhisi mtekenyo kwenye miliampea 1 hivi. Ukifika miliampea 10 au zaidi kidogo, misuli ya mkono hukaza na vidole hung'ang'ania kile kilichoguswa. Mtu hutaka kuachia asiweze. Kuanzia miliampea 30, iwapo umeme unapita kifuani kwa muda, misuli ya kupumulia yaweza kukwama, na moyo waweza kuacha kupiga kwa mpango ukabaki kutetemeka tu bila kusukuma damu. Ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika chache.

Sasa tufanye hesabu. Stima yetu ya kawaida ni volti 240. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi fulani, lakini mtu aliyelowa jasho au maji kizuizi chake chaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000 upate ampea 0.24, yaani miliampea 240. Kiasi hicho ni mara 8 ya zile 30 tulizotaja.

Kisha tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi. Imeandikwa ampea 13, yaani miliampea 13,000. Hiyo ni zaidi ya mara 50 ya umeme unaopita katika mwili wa yule fundi. Kwa hivyo mtu aweza kufa akiwa ameshikilia mashine, na fyuzi isishtuke hata kidogo. Fyuzi huwekwa ili waya usichemke na kushika moto. Fyuzi hulinda waya, haikulindi wewe.

Hili ndilo jambo kuu ambalo ningependa msomaji alikumbuke hata akisahau mengine yote. Mashine yaweza kuzunguka vizuri, ikakata chuma vizuri, fyuzi isikatike mwaka mzima, na bado iwe tayari kuua.

MASHINE INAYOTEKENYA NI MGONJWA

Mtu mwenye shinikizo la juu la damu huenda kazini, hula na hucheka. Haumwi popote. Mashine yenye umeme unaovuja ni hivyo hivyo, ila yenyewe mara nyingine hutoa dalili, nayo ni mtekenyo. Fundi aliyepigwa na stima mara nyingi hueleza kwamba mashine ilikuwa ikimuuma kidogo kwa siku nyingi, hasa asubuhi au mvua iliponyesha, naye akazoea.

Asidanganyike mtu kwa kuwa mtekenyo ni mdogo. Umeme umekuwa mdogo kwa sababu siku hiyo alivaa viatu vikavu na kusimama juu ya ubao. Siku atakapovaa ndara zilizolowa, au atakapoegemea mashine kwa mkono mmoja na kushika bomba la maji kwa mwingine, mashine ile ile yaweza kumuua. Uvujaji haukubadilika, kilichobadilika ni mwili wake.

Kerezo ina hatari zake za pekee. Mwili wake wote ni chuma, na mwendeshaji huishika na kuiegemea kutwa. Humwagiwa maji ya kupoza yaliyochanganywa na mafuta. Vinyweleo vya chuma huruka na kuingia ndani ya mota na kisanduku cha swichi. Mtetemo wake husugua waya dhidi ya kingo za chuma mpaka ganda litoboke. Ndiyo maana mashine iliyokuwa salama miaka mitano iliyopita huenda leo si salama.

SOMA KIBAO CHA MOTA KWANZA

Kama vile daktari asivyoandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa, fundi asiunganishe waya hata mmoja kabla ya kusoma kibao kilichogongomewa kwenye mota. Hapo pana volti, idadi ya fezi, ampea, nguvu ya mota, na mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo huandikwa Hz.

Umeme wa Kenya ni volti 240 kwa fezi moja na volti 415 kwa fezi tatu, nao ni wa Hz 50. Mota iliyotoka Marekani yaweza kuwa ya volti 115 na Hz 60. Ukiiunganisha moja kwa moja kwa volti 240 itaungua. Hata ukitumia transfoma kupunguza volti, itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita hivi, na yaweza kuchemka kupita kiasi ikifanya kazi kutwa.

Mashine nyingi kubwa zilizotoka viwandani zina mota ya fezi tatu. Kibao chake chaweza kuonyesha volti za aina mbili, kwa mfano 240 na 415, pamoja na alama ya pembetatu na alama ya Y. Maana yake ni kwamba mota hiyo ikiungwa kwa mtindo wa pembetatu hutaka volti 240, na ikiungwa kwa mtindo wa Y hutaka volti 415. Mota iliyofungwa kwa pembetatu ikapewa volti 415 huungua kwa muda mfupi, na moshi wake katika chumba kidogo si wa kuvutwa.

Iwapo karakana yako ina fezi moja tu, ziko njia tatu za halali: kubadilisha mota uweke ya fezi moja, kutumia kibadilishi cha umeme kinachotoa fezi tatu, au kuomba kampuni ya umeme ikuletee fezi tatu. Kuvuta fezi kutoka kwa jirani kwa waya wa kurusha juu ya mabati si njia. Ni kumtegea mtego kila apitaye hapo, wakiwemo watoto.

RANGI ZA WAYA HUDANGANYA

Katika nyaya za mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambazo zimo katika majengo yetu mengi, waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni nyutro na wa kijani ni wa ardhi. Penye fezi tatu, zilikuwa nyekundu, manjano na buluu. Katika mtindo mpya, ambao Uingereza iliuanza mwaka 2004, kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano ni ardhi. Fezi tatu za mtindo mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu.

Msomaji ameona hatari iliyopo. Waya mweusi uliokuwa nyutro katika mtindo mmoja ni wenye moto katika mtindo mwingine. Waya wa buluu nao uliokuwa fezi sasa ni nyutro. Katika mashine za Marekani mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro. Tena mashine kuukuu imepitia mikono mingi, na huenda fundi mmojawapo alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo.

Kwa hivyo rangi isiaminiwe. Kila waya ufuatwe kutoka mwanzo hadi mwisho na upimwe kwa mita. Aidha, mita yenyewe ijaribiwe kwanza mahali panapojulikana kuwa na stima, kisha itumike, kisha ijaribiwe tena. Mita iliyokufa husema hakuna stima kila mahali. Ile bisibisi yenye taa ndogo haitoshi kwa kazi hii.

WAYA WA ARDHI

Huu ndio waya ambao haufanyi kazi yoyote siku zote, mpaka siku moja. Mota huzunguka bila huo, na kwa sababu hiyo ndio wa kwanza kukatwa na fundi mwenye haraka. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia rahisi ya kurudi, ili fyuzi ikatike papo hapo, na mwili wa mashine usibaki na moto.

Waya huu uungwe kwenye mwili wa mota na pia kwenye mwili wa mashine yenyewe. Mota mara nyingi hukalia mpira au ubao wa kupunguza mtetemo, na hapo mashine yaweza kukosa ardhi ilhali mota inayo. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kwa sababu rangi huzuia umeme. Waya ufungwe kwa skrubu yake peke yake, isiyoshikilia kitu kingine, pamoja na washa ya kuzuia kulegea. Ndani ya kisanduku uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa nguvu, wa ardhi uwe wa mwisho kung'oka. Usiungwe kwenye bomba la maji.

Hata hivyo, waya wa ardhi wenyewe wahitaji mwisho mzuri. Karakana nyingi hutegemea fimbo ya shaba iliyopigiliwa udongoni. Tuseme fimbo hiyo, pamoja na udongo mkavu wa kiangazi, ina kizuizi cha omu 20. Volti 240 gawa kwa 20 ni ampea 12. Fyuzi ya 13 haitakatika! Mashine itabaki na moto, na mwenye mashine atakuwa anaamini kwamba analindwa.

KIFAA CHA MILIAMPEA 30

Hapo ndipo panapoingia kifaa kinachoitwa kwa herufi RCD. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda kwa mashine na ule unaorudi. Vikitofautiana, ina maana kwamba umeme fulani unapita njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu. Kilichoandikwa miliampea 30 hukata umeme kabla uvujaji haujapita kiasi hicho kwa muda wa kuua. Uvujaji ukiwa mkubwa, hukata katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla moyo haujavurugika. Mtu atahisi kupigwa, lakini ana nafasi nzuri ya kubaki hai.

Kifaa hiki kina mipaka yake. Hakichukui nafasi ya waya wa ardhi. Vyote viwili vinahitajika. Hakimwokoi aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa sababu kwake huyo ni sawa na mota. Tena kina kitufe cha kukijaribu, ambacho yafaa kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata kinapobonyezwa, kibadilishwe siku hiyo.

Iwapo kifaa hukatakata mara kwa mara, wengi hukimbilia kukiondoa. Ni sawa na kuvunja kipimajoto kwa sababu mtoto ana homa. Tafuta mahali umeme unapovuja. Ikiwa mashine inatumia kibadilishi cha umeme, mwambie fundi wako, maana si kila aina ya RCD hufanya kazi sawasawa na vibadilishi, achague inayolingana.

SWICHI ISIYOJIWASHA YENYEWE

Stima yetu hupotea na kurudi bila taarifa. Fikiria fundi ambaye stima imepotea akiwa kazini. Swichi ameiacha wazi. Anainama kusafisha taya za chaki, kile kichwa kinachoshika chuma, au anapima kazi yake. Stima inarudi, na mashine inaanza kuzunguka na mkono wake ndani. Sina haja ya kueleza kinachotokea kwa mkono huo.

Kinga ya jambo hili ni swichi ya sumaku. Ina vitufe viwili, kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Stima ikipotea, sumaku huachia. Stima ikirudi, mashine hubaki imelala mpaka mtu abonyeze kijani. Swichi ya ukutani ya taa haifai kabisa kuwasha na kuzima mota ya kerezo.

Ndani ya swichi hiyo kuwe pia na kifaa cha kukata mota inapolemewa, kikipangwa kulingana na ampea zilizo kwenye kibao. Mota inapoanza huvuta umeme mwingi, pengine mara 5 hadi 7 ya kawaida yake, lakini kwa muda mfupi, na kifaa hiki huvumilia hilo. Fyuzi dogo lisilofaa halivumilii, na hapo ndipo watu huingiza kipande cha waya badala ya fyuzi. Waya huo hautakatika mpaka nyumba iwake.

Kitufe chekundu cha dharura, kikubwa na kinachofikiwa bila kuvuka mashine, kiwe mahali ambapo mwendeshaji aweza kukigonga hata kwa kiwiko au goti. Mkono ukiwa umeshikwa, ni kiungo kingine kitakachookoa.

NJIA YA WAYA, KAPASITA NA KIBADILISHI

Waya uwe wa unene unaolingana na ampea na umbali, uliokusudiwa mashine, na upite ndani ya bomba. Usilazwe sakafuni penye vinyweleo vya chuma na mafuta. Pale unapoingia kwenye chuma uwekewe kibano, usiachwe ukisugua ukingo wa tundu. Viungio vya kusokota na kufunga tepu havifai; mafuta hulegeza gundi yake, na tepu hufunguka.

Mota nyingi za fezi moja zina kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme. Hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na chaweza kumpiga mtu. Kibadilishi nacho huhifadhi umeme. Subiri dakika zilizoandikwa juu yake kabla ya kufungua. Kapasita za zamani, zilizotengenezwa kabla ya mwanzo wa miaka ya 1980, nyingine zina mafuta yenye sumu yaitwayo PCB, ambayo yamehusishwa na saratani. Kapasita ya umri huo ikivuja, isishikwe kwa mikono mitupu wala isitupwe motoni au jaani.

KABLA YA KUWASHA MARA YA KWANZA

Umeme ukiwa umekatwa kabisa na fyuzi imetiwa mfukoni, fundi apime kwa mita kizuizi kati ya pini ya ardhi ya plagi na mwili wa mashine. Kiwe chini ya omu 1. Kisha apime ganda la nyaya za mota kwa kipimo cha volti 500, ambacho mafundi hukiita mega, baada ya kuondoa kibadilishi. Kipimo kati ya nyaya na mwili wa mota kisipungue omu milioni 1. Mota iliyolala ghalani au iliyosafiri baharini yaweza kuwa na unyevu. Ikaushwe, ipimwe tena. Mwombe fundi akuandikie vipimo hivyo. Fundi anayejua kazi yake hatachukia kuombwa.

Mara ya kwanza, mota iwashwe mkanda ukiwa umetolewa, ili kuona inazunguka upande gani. Katika mashine nyingi za zamani chaki imekazwa kwa nyuzi kama za skrubu. Mashine ikianza kinyume, chaki hiyo yaweza kujifungua na kuruka, nayo ina uzito wa kuvunja mfupa. Mota ya fezi tatu hugeuzwa mwelekeo kwa kubadilishana nyaya mbili za fezi, kazi ambayo hufanywa umeme ukiwa umekatwa.

Wengine huvaa glavu za mpira wakidhani wanajikinga na stima. Usivae glavu karibu na kerezo inayozunguka. Glavu hunaswa ikavuta mkono mzima.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Usimguse angali ameshikwa. Kata umeme kwanza kwenye swichi kuu au chomoa plagi. Ikishindikana, na ikiwa ni umeme huu wa kawaida wa karakana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa ubao mkavu au plastiki. Waya ulioanguka kutoka nguzoni ni jambo jingine. Usiusogelee kabisa, bali ita kampuni ya umeme.

Akishaachiliwa, mwite na umtingishe bega. Mtu mwingine apige simu 999 au 112. Ikiwa haitiki na hapumui kama kawaida, mlaze chali sakafuni, weka viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwa umefunzwa, mpe pumzi 2 kila baada ya mibonyezo 30. Kama hujafunzwa, endelea kubonyeza tu bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Usipoteze wakati kumnywesha maziwa, kumwagia maji usoni au kumfunika kwa udongo.

Palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, baada ya umeme kukatwa. Usipake dawa ya meno, unga, wala mafuta. Ikiwa alianguka, jihadhari na shingo yake.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kidonda cha stima chaweza kuwa kidogo kama punje ya mahindi juu ya ngozi, ilhali ndani misuli imeungua kutoka kiganja hadi kiwiko. Misuli iliyokufa huachia vitu vinavyoziba figo, na mkojo hugeuka rangi ya chai nzito. Kwa hivyo aliyezimia, aliyeungua, anayehisi moyo kwenda mbio, mwenye maumivu ya kifua, mwenye mkono uliokufa ganzi, mama mjamzito, na kila aliyepigwa umeme ukapita kifuani, afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo hata akisema yu mzima. Hapo atapimwa moyo kwa mashine na mkojo wake utachunguzwa.

WAJIBU NI WA NANI?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye karakana kuhakikisha mitambo yake haimdhuru anayeifanyia kazi. Kuwa na karakana ya mabati yenye vijana wawili hakumwondolei wajibu huo. Mzazi anayempeleka mwanawe kujifunza ufundi naye ana haki ya kuingia, akatazama mashine na kuuliza maswali manne tu: Waya wa ardhi uko wapi? RCD ya miliampea 30 iko wapi? Stima ikipotea na kurudi, mashine hujiwasha? Kitufe cha kuzima kinafikiwa?

Wakati wa kupatana bei ya mashine kuukuu, gharama ya swichi ya sumaku, RCD, waya mzuri na malipo ya fundi wa leseni ihesabiwe kuwa sehemu ya bei. Asiyeweza kuilipa bado hajaweza kununua mashine hiyo. Na wewe ambaye mashine yako ilikutekenya leo asubuhi, ichomoe plagi kabla hujarudi kazini, umwite fundi.